Hela Yetu Itarudi Lini?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa huvunja sanduku, yaani tunagawana akiba na faida, mapema Desemba, na anayeijua Moshi hahitaji kuelezwa sababu. Mabasi ya kutoka Dar yanaanza kushusha watu, bei ya mbuzi inapanda, ada za Januari zinachungulia, na harusi zilizosogezwa mbele mwaka mzima zinajibana kwenye Jumamosi chache. Tatizo letu lilikuwa miezi ya kabla yake. Katiba yetu inafunga mikopo mipya kuanzia Septemba ili marejesho yote yawahi kuingia, lakini hisa ziliendelea kununuliwa kila Jumamosi. Sanduku linajaa, na ndani yake hakuna shilingi inayofanya kazi.

Aliyelisema kwanza ni mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni. "Mhazini, hii hela imelala. Wenye benki hawalazi hela, sisi tunalaza kwa nini?"

Basi kila mmoja akaja na lake. Mwenye mume mstaafu akataja hatifungani. Dada wa duka la simu akasema hisa za sokoni, maana anaziona kwenye Hisa Kiganjani, ile programu ya simu ya Soko la Hisa. Katibu akasema UTT, ile taasisi ya mifuko ya uwekezaji. Mama mwenyekiti, fiksidi. Na mtoto wa mwenzetu mmoja akarusha kwenye grupu picha ya programu ya simu "inayolipa kila siku". Walipomaliza wakageuka kuniangalia mimi, kwa sababu mhazini anatakiwa kujua.

Nina stesheni, duka la karatasi na kuprinti, karibu na Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho wenyeji wengi bado wanakiita Chuo cha Ushirika tu, kama kilivyoanza mwaka 1963. Msimu wa tafiti ukifika wanafunzi wanapanga foleni ya kuprinti na kubaindi, na mashine ikiwa inatoa kurasa mia na kitu mimi nasoma. Nusu ya ninachokijua kuhusu SACCOS na vikoba nimekipata hivyo, bure, tena karatasi ikiwa bado ya moto. Kinachonichekesha ni hojaji za nyuma, zile za Kiswahili wanazokwenda kuwapa wanachama. Moja iliuliza: "Je, chama chako kina ukwasi wa kutosha?" Ndiyo, hapana, sijui. Naapa mama zangu wa Jumamosi wote wangeweka tiki kwenye ndiyo, kwa heshima ya chama.

Nilianza na kilichopo sandukuni, kwa sababu niliona tunakimbilia maneno ya Dar wakati ya kwetu hatujayachambua. Nitatumia namba za mfano. Tuseme hisa yetu moja ni shilingi 5,000 na mtu anaruhusiwa hisa moja hadi tano kwa kikao. Mwisho wa mzunguko zimenunuliwa hisa 4,000, yaani shilingi 20,000,000. Riba za mikopo na faini za wachelewaji zimeleta 3,200,000. Ukigawa, kila hisa inarudi na 5,800. Mia nane juu ya elfu tano ni asilimia 16, na hapo watu hupiga vigelegele.

Sasa angalia vizuri. Hisa iliyonunuliwa Januari imerudi na mia nane. Hisa iliyonunuliwa wiki ya mwisho ya Oktoba nayo imerudi na mia nane. Ya kwanza imekaa sandukuni karibu mwaka, imekopeshwa, imerejeshwa, imekopeshwa tena. Ya pili imekaa wiki chache na haikumsaidia mtu yeyote, maana mikopo ilishafungwa. Kwenye daftari zote zimepata asilimia 16. Ukiuliza zimepata kiasi gani kwa mwaka, ya Oktoba imewapiga chenga wenzake. Nikakumbuka kwamba kuna wawili watatu ambao Januari hununua hisa moja moja, wanalalamika maisha magumu, halafu ikifika Oktoba wananunua tano tano bila kukosa kikao. Sikuwataja. Walijitaja wenyewe kwa kucheka.

Kutoka siku hiyo asilimia isiyotajwa muda wake haipokelewi kwenye kikao chetu. Mtu akisema "wanatoa kumi", anaulizwa kumi kwa nini: kwa mwezi, kwa mwaka, kwa mzunguko? Ni swali dogo na linaokoa hela nyingi, hasa kwa anayekopa.

Na swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi: hiyo milioni tatu na laki mbili imetoka wapi? Imetoka mifukoni mwetu wenyewe. Mwenzetu aliyekopa kuongeza mtaji wa mitumba ya Kiborloni ndiye aliyelipa riba, na mwenzetu ambaye hakukopa kabisa ndiye aliyekwenda na gawio nono. Sisemi ni dhambi. Aliyekopa alipata mtaji bila kuweka rehani kitanda, na riba yetu ni ndogo kuliko ya wale wakopeshaji wa kausha damu wanaokuja na pikipiki kila asubuhi. Ila ukishajua faida inatokea kwa nani, huwezi tena kusema "tupandishe riba ili tupate faida kubwa" kama vile unamtoza mtu wa nje.

Nilitumia muda kwenye riba ya flati, kwa sababu karibu kila mama pale ana mkopo mwingine nje ya kikundi. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12 kwa asilimia 3 kwa mwezi. Kwa flati, riba inapigwa juu ya mkopo wote kila mwezi hata kama umesharudisha nusu: 36,000 mara 12, sawa na 432,000. Kwa riba inayoshuka na salio, ukirudisha laki moja ya mkopo kila mwezi, riba inapigwa juu ya kilichobaki tu, na mwisho wa mwaka umelipa 234,000. Asilimia ni ileile 3. Mkataba una kurasa nne na tofauti ya karibu laki mbili imejificha kwenye neno moja. Mama wa ndizi aliomba nimwandikie hayo mahesabu kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye kanga. Sijui alikwenda kumwonyesha nani.

Hapo ndipo nikalirudia lile neno la hojaji. Ukwasi, kama wanavyolitumia watu wa fedha, ni wepesi wa kitu kugeuka hela taslimu bila kukipunja bei. Hela ya kwenye simu ina ukwasi mkubwa, unatoa kwa wakala yeyote ukikubali makato. Mbuzi ana ukwasi wa wastani, na Desemba unaongezeka. Kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, hakina.

Hili la kihamba ningeweza kuliandikia makala peke yake. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na kihamba Kibosho chenye migomba na kahawa, nyumba ya vyumba vitano yenye vigae hadi kibarazani, kisima na geti la umeme, halafu mtoto akifukuzwa ada mwezi wa pili anazunguka mtaani kuomba azimwe laki tatu. Ukimwita maskini atakushangaa, na ana haki. Mali anayo. Lakini kihamba cha ukoo hakiuzwi, na hata ungetaka, utaanza na kikao cha ukoo. Nyumba ile inalaliwa wiki mbili kwa mwaka, miezi mingine inalindwa na shangazi na mbwa. Haileti kodi, na bado inakula rangi, bati na mshahara wa kijana wa shamba.

Mimi sipingi kujenga nyumbani. Nimezaliwa hapa na nimezika na watu wa hapa, najua heshima ya kufikia kwako Krismasi. Ninachokataa ni kuiita uwekezaji. Uwekezaji unautarajia ulete kitu: riba, gawio, pango, au bei ya juu siku ya kuuza. Nyumba ya kijijini inaleta heshima, na heshima ni matumizi, tena matumizi halali kabisa ambayo yanastahili mstari wake kwenye bajeti pamoja na michango ya harusi. Ukiichanganya na uwekezaji, unajikuta umeweka kila kitu mahali ambapo hakuna mlango wa kutokea, halafu unashangaa tajiri gani wewe unayekopa kausha damu.

Kwa hiyo mapendekezo ya wenzangu niliyapitisha kwenye swali lile la ukwasi kwanza, la faida baadaye. Tuna hela ya miezi mitatu. Inarudi lini?

Fiksidi ilikuwa rahisi kueleza, kwa sababu ni amana ya kawaida iliyofungwa kwa muda mnaokubaliana na benki. Unaipa benki hela, benki inakulipa riba kwa kuwa umeahidi kutoigusa. Ukiigusa kabla ya siku, riba inapungua au inapotea yote kulingana na mkataba. Mama mwenyekiti alikuwa amesikia "asilimia 9" mahali, akapiga hesabu kwamba milioni 10 zitaleta laki tisa kabla ya Desemba. Nikamkumbusha kwa mwaka. Miezi mitatu ni robo, yaani 225,000, na juu yake kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo benki inaikata na kuipeleka TRA. Mnabaki na 202,500. Uso wake ulibadilika, ingawa kwa hela iliyokuwa inakaa bure kwenye bati, laki mbili si haba.

Kilichowagusa zaidi si riba. Niliwaambia kwamba benki ikifa, kuna Bodi ya Bima ya Amana inayomlipa mwenye amana hadi shilingi 7,500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka 1,500,000. Kimya. Kisha mmoja akauliza, "Na sanduku likiibwa?" Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na hiyo ndiyo bima yake yote. Mwizi hana haja ya funguo. Anabeba sanduku.

Vipande vya UTT vilihitaji muda kidogo. Katibu alikuwa anasema "kununua hisa za UTT" na nilimwomba aache, kwa sababu anayesikia hivyo anadhani anakuwa mmiliki wa UTT. Ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja: hela za watu wengi zinakusanywa, wataalamu wanazinunulia hatifungani, wanaziweka kwenye amana za benki, mifuko mingine inanunua na hisa za sokoni, halafu kila mwenye hela anashika vipande. Thamani ya kipande inapigwa kwa kuchukua mali yote ya mfuko, kutoa madeni na gharama, kisha kugawa kwa idadi ya vipande. Hakuna anayekupangia riba. Thamani ikipanda, umepata. Ikishuka, umepungukiwa.

Dada wa duka la simu akauliza swali zuri, mbona watu wanasema Umoja umepanda mara kumi. Ni kweli. Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005 kwa shilingi 100 kwa kipande, na miaka kama 20 baadaye kipande kilikuwa kimevuka shilingi 1,000. Mara kumi inasikika kama muujiza mpaka uitafsiri kwa mwaka. Kuna njia ya mkato ambayo watu wa fedha wanaitumia: chukua 72, gawa kwa asilimia ya mwaka, unapata miaka ya hela kuwa mara mbili. Kwa asilimia 12, hela inajirudufu kila miaka sita. Kwa hiyo 100 inakuwa 200, inakuwa 400, inakuwa 800 mwaka wa kumi na nane, na miaka miwili tena inagonga elfu. Yaani muujiza wote ni kama asilimia 12 kwa mwaka, na mtu ambaye hakutoa. Hiyo "hakutoa" ndiyo ngumu. Ni riba juu ya riba, na inafanya kazi kubwa mwishoni, wakati wengi wetu tumeshatoa kumalizia linta.

Na usisahau kupunguza mfumuko wa bei. Miaka ya karibuni takwimu za taifa zimekuwa zikionyesha kama asilimia 3 kwa mwaka, kwa hiyo katika zile 12, tatu hivi zinakwenda kulipia tu ukweli kwamba mchele umepanda. Sandukuni ni kinyume chake: hela inabaki namba ileile huku inapungukiwa nguvu.

Kwa kikundi chetu kilichotufaa ni Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambao umetengenezwa kwa watu wanaotaka kuingia na kutoka kwa haraka. Ukijaza fomu ya kutoa, hela inaingia benki ndani ya siku chache za kazi. Jina lake limenisaidia kuliko maelezo yangu yote.

Hatifungani niliichelewesha makusudi kwa sababu mume wa mwenzetu alikuwepo, amesimama nje ya dirisha akijifanya anasubiri mkewe. Amestaafu ualimu, na kiinua mgongo chake kila mtu mtaani anakijengea ramani. Huyu anasema nyumba za kupangisha, yule anasema Noah, mwingine anasema mashine ya kusaga. Hatifungani ya serikali ni mkopo, ila safari hii wewe ndiye mkopeshaji na serikali ndiyo mkopaji. Inaanzia shilingi 1,000,000 na inauzwa kwenye minada ya Benki Kuu, kwa kupitia benki au dalali wa soko la hisa, kwa vipindi vinavyofika hadi miaka 25. Riba yake, inayoitwa kuponi, haibadiliki na inalipwa kila miezi sita. Ile ya miaka 20 iliyotolewa mwaka 2022 kwa kuponi ya asilimia 12.10 inampa mwenye milioni moja shilingi 60,500 kila nusu mwaka, na mtaji wake unarudi muda ukiisha.

Kabla ya 2022, ya miaka 20 ilikuwa na asilimia 15.49. Serikali ikashusha viwango kwa hatifungani mpya. Mzee wetu akauliza dirishani: aliyenunua ya zamani inakuwaje? Anaendelea kulipwa 15.49 yake mpaka mwisho, na akitaka kuiuza kwa mtu mwingine hawezi kukubali milioni moja kwa iliyoandikwa milioni moja. Ni sawa na mpangaji wa fremu Double Road mwenye mkataba wa pango wa zamani, wakati wapangaji wapya wote wanalipa zaidi: akitaka kumwachia mwingine, anadai kilemba, yaani malipo ya juu ya kuachia. Bei ya hatifungani ya zamani inapanda viwango vipya vikishuka, kwa sababu ya kilemba. Viwango vikipanda, hakuna kilemba, na anayelazimika kuuza atauza kwa hasara. Hapo tena tunarudi kwenye siku ya kuhitaji hela. Aliye tayari kukaa na kuponi zake hana haja ya kujua bei ya leo ni ngapi.

Mzee aliuliza pia kama serikali inaweza kushindwa kulipa. Nilimjibu kwamba serikali inakopa kwa shilingi inazozichapisha yenyewe, hivyo hatari kubwa zaidi ni shilingi 60,500 za mwaka wa kumi na tisa kununua vitu vichache kuliko za mwaka wa kwanza. Alitikisa kichwa kama mtu aliyefundisha hesabu, ambaye ndiye. Kwa mtu anayetaka kipato cha kila nusu mwaka na hana nguvu ya kufukuzana na wapangaji, nadhani ni bora kuliko nyumba za kupangisha. Mkewe hakubaliani nami. Anasema nyumba unaiona.

Kwa kikundi, hapana. Hela ya Desemba haikopeshwi miaka 20.

Zikabaki hisa za sokoni, na hapa wazee wa kahawa walinisaidia bila wao kujua. Huku kila familia ina mtu aliyewahi kupeleka kahawa chama cha msingi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, na mkulima alizoea kulipwa malipo ya awali akikabidhi kahawa, halafu malipo ya pili kahawa ikishauzwa vizuri. Mama mmoja akasema basi gawio, ile faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, ndiyo malipo ya pili. Karibu, lakini sivyo. Malipo ya pili yanamfuata aliyeleta kahawa, kwa kilo zake. Gawio linamfuata mwenye hisa, hata kama hajawahi kuingia kwenye tawi la hiyo benki wala kunywa soda ya hicho kiwanda. Na kwenye ushirika mwanachama mmoja ana kura moja, awe na ekari kumi au robo. Kwenye kampuni kura zinahesabiwa kwa hisa, kwa hiyo mwenye hisa 200 kwenye mkutano mkuu anakwenda kusikiliza na kula chakula.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Zikapanda, zikashuka, na kufika 2019 zilikuwa chini ya zile 150 za mwanzo. Waliouza wakati ule waliuza kwa hasara baada ya miaka kumi. Waliobaki walikuja kuona bei inapita shilingi 600 mwaka 2024. Vodacom iliuzwa 2017 kwa shilingi 850, na miaka mingi iliyofuata hisa ile ilikuwa ikipatikana sokoni kwa chini ya hapo. Kampuni zote mbili ni kubwa, zinajulikana hadi Rombo. Ukubwa wa jina haukusema lolote kuhusu bei ya siku utakayohitaji kuuza. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, nalo linatoka bodi ikipendekeza na mkutano mkuu ukipitisha. Hakuna anayewiwa.

Dada wa duka la simu alikubali haraka kwamba hisa si za hela ya kikundi. Zake mwenyewe anaendelea kununua kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na nadhani anafanya vizuri, kwa sababu ana miaka 26 na hakuna anayemdai hiyo hela.

Ile programu ya kulipa kila siku haikuchukua dakika kumi. Mama mwenyekiti alikuwepo mwaka 2009, wakati wa upatu wa DECI, watu walipokuwa "wanapanda mbegu" na "kuvuna" mpaka serikali ikaifunga. Aliuliza maswali mawili tu: wanaofanya nayo biashara ni akina nani, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana imewapa leseni? Kijana akasema unalipwa ukiwaleta wengine. Mama mwenyekiti akafungua daftari ukurasa mwingine.

Uamuzi ukawa huu. Ununuzi wa hisa nao utasimama kuanzia Septemba, sawa na mikopo mipya, na wale wa tano tano za Oktoba walinyoosha mikono kuunga mkono wakiwa wa kwanza. Marejesho yanayoingia baada ya hapo yatakwenda Mfuko wa Ukwasi kwa jina la kikundi, isipokuwa mfuko wa jamii, ambao utabaki sandukuni. Hilo la mwisho lilidaiwa na mama wa ndizi, na sikuwa na hoja ya kumpinga: msiba haungoji siku za kazi. Akaongeza sharti jingine, kwamba fomu ya kutoa ijazwe si zaidi ya tarehe 20 Novemba na sahihi ziwe tatu.

Kinachochelewesha sasa ni karatasi. Akaunti ya kikundi inataka cheti cha usajili cha halmashauri, muhtasari wa kikao na picha za watia sahihi. Muhtasari nimeuchapa mwenyewe stesheni, bila malipo, na nimeuprinti nakala tatu. Mama mwenyekiti amekwenda msibani Rombo. Akirudi wiki ijayo anasaini.